Shavu la Kushoto la Binti Yangu

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua mimi mchoma nyama wa Kwa Mrombo. Nikicheka, nyati wa kule mbugani Momela wanageuza shingo. Leo mnivumilie, kicheko nimekiacha nje pamoja na viatu.

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipoanza kushika shavu la kushoto na kupiga yowe. Kitu kinamchoma kama shoti ya umeme, kinamwachia, kinarudi. Sasa sisi watu wa huku tunajijua: maji ya mlima huu, kwa madini yake, yametupaka meno rangi ya chai tangu utotoni, basi kila maumivu ya usoni tunalisingizia jino. Bibi yake akasema, "Ling'oeni, maji yameshalila." Likang'olewa. Likang'olewa na la pili. Nawaambia, maumivu yalizidi!

Akaacha kutafuna. Hata upepo wa asubuhi ukimgusa, analia. Mama yake akawa anamnywesha uji kwa mrija, na mtoto akaisha, nikimbeba naona nimebeba khanga tupu.

"Baba," akaniambia, "ng'oeni yote basi, yaishe."

Mimi huyu ninayeweza kuuza ng'ombe mzima kwa maneno, nilienda tu kutafuta nauli.

Tukampeleka hospitali kubwa. Daktari, mwanamama, hakumfungua hata kinywa. Alichukua pamba, akamgusa shavu kidogo tu. Mtoto akaruka.

"Baba," daktari akaniambia, "meno hayana kosa. Ni mshipa wa fahamu wa uso. Kwa mtoto ni nadra mno."

Akaandika dawa ambayo hupewa pia wenye kifafa. Bibi akang'aka: "Mjukuu wangu hana kifafa!"

"Shikamoo bibi. Najua hana. Dawa hii inautuliza huo mshipa."

Ukatulia kwa muda, kisha dawa ikashindwa. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa wa damu umeugandamiza ule wa fahamu. Akapasuliwa nyuma ya sikio ili itenganishwe. Mimi na mama yake tulikaa kwenye benchi, sala haitoki. Mkatuombea ninyi.

Maumivu yameondoka. Anakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, mpaka tunaficha sufuria. Ila shavu lile limekufa ganzi, na huenda likabaki hivyo. Juzi nilimbusu hapo, akaendelea kuchora, hakujua. Siku hizi namwambia, "Nimekubusu," naye anajibu, "Asante, baba."

Asanteni mliopika kwangu, mliofua, mliokaa na bibi. Na yule daktari, Mungu amtunze. Ndugu zangu, mtoto akilia, tusimkabidhi ugonjwa tunaoujua sisi. Tumuulize panaumaje, kisha tunyamaze mpaka amalize kusema.