Bwana Methusela Haule Anaikabidhi Mita ya Umeme

Bwana Methusela Haule, fundi umeme wa kiwanda chetu cha mbao hapa Makambako, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1956, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne. Wasomaji waniwie radhi: niliombwa kuandika kwa furaha, nami nimeshindwa.

Alianza kwa kupanga mbao. Nyumba za wafanyakazi kule Lyamkena zilipotiwa umeme wa injini ya kiwanda, ndiye aliyekabidhiwa mita ya kuupimia. Kila alipopima, kwanza aliijaribu mahali alipojua pana umeme, kisha akapima waya alioutilia shaka, halafu akarudi kuijaribu tena pale pa kwanza. Kwani mita iliyokufa nayo huonyesha kwamba hakuna umeme. Muda wote huo mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Kwetu huku, kumhudumia mtu kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu. Marehemu mke wangu alimtania, "Fundi, mkono mwingine umeuacha kwenu Mlangali?" Naye akajibu, "Mama, huu nawatunzia watoto." Tulicheka sana.

Mpwa wake, Mika, alijifunza kazi hiyo kwa miaka mingi, nasi tulijua ndiye mrithi. Agosti iliyopita mzee Abrahamu, mlinzi wetu, alilalamika kwamba taa yake ya mezani inauma ukiigusa, kama inayovuja umeme. Mika alipoingia, mzee aliishika kwenye kitako cha mbao, akamnyoshea, ikiwa bado imechomekwa. Aliyelelewa vema hapokei kitu cha mzee kwa mkono mmoja. Mika aliipokea kwa mikono miwili, kwenye shina lake la shaba, amesimama juu ya sakafu iliyolowa maji. Mita ilikuwa bado mkobani.

Hata siku ya maziko, Methusela hakumlaumu mzee. Tangu hapo hakuna mzazi aliyekubali mwanawe afundishwe, wala sithubutu kuwalaumu. Methusela aliomba mwaka mmoja zaidi ili atafute mtu. Lakini macho yake hayauoni tena mshale wa mita, akakataliwa.

Leo ameirudisha mita stoo, maana hapakuwa na wa kuipokea. Kuanzia Jumatatu umeme wa nyumba za Lyamkena utakatwa.

Ahsante, Bwana Methusela, kwa kila mlango uliobisha, wenyewe wakalala salama. Nenda ukalime mahindi na maharage yako kwa amani. Tunakuombea uzee mwema. Sisi tumekwisha kununua mafuta ya taa.