Ram Niliyosema Ochieng Ameiba

Bwana asifiwe, wapendwa, na Sabato njema. Asifiwe hata na mimi, ambaye leo naona haya kusimama hapa.

Mnanijua. Mimi ni Mama Akoth, nachapa barua na kuprinti fomu za watu pale karibu na soko la Homa Bay. Mdomo wangu pia mnaujua. Ulimi hauna mfupa, na wangu nadhani hata breki haukuwekewa.

Ndugu zangu, kompyuta yangu ni moja tu. Ina ram mbili, vile vipande vya kumbukumbu, jumla gigi nane. Fundi wangu alikuwa Ochieng, mshiriki wa kanisa hili hili. Siku moja aliifungua, akapanguza vumbi, akaifunga, ikafanya kazi vizuri. Wiki iliyofuata nilitaka kuweka programu fulani ya zamani kutoka kwa flashi, ikakataa. Jirani akaniambia nibadilishe namna mashine inavyobuti, yaani njia inayotumia kujiwasha, niweke ile ya kizamani. Nikaingia kwa seting mwenyewe, nikabadilisha. Mashine ikawaka, lakini ikawa nzito sana. Kuangalia, naona gigi tatu na kitu. Zingine hazipo.

Nani aliifungua mara ya mwisho? Ochieng. Na mafundi tunajua wanavyosemwa hapa mjini, eti wanachomoa ram za watu. Sikumpigia hata simu kumuuliza. Nilifanya jambo baya kuliko kumtukana. Jumatano nilisimama kwenye maombi nikasema, "Tumwombee ndugu yetu mmoja, fundi, ambaye mkono wake umekuwa mrefu." Jina sikutaja. Wote mligeuka mkamwangalia.

Mwezi haukuisha, hakuna aliyempelekea kazi tena. Akafunga meza yake, akaenda kisiwani Takawiri kwa wajomba zake kuanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Mashine ilipozidi kunisumbua nilimwita fundi mwingine, dada mmoja kutoka Rongo. Akaifungua.

"Mama, ram zote mbili ziko hapa. Nani alibadilisha namna ya kubuti?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe uliyezificha. Kwa njia hiyo ya zamani, hii mashine haioni ram yote."

Akarudisha seting, akawasha. Gigi nane, zote. Nikalia, na yule dada akadhani ni furaha.

Nilivuka hadi Takawiri. Ochieng alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza omena. Akasema, "Nimekusamehe, Mama Akoth. Lakini si mimi tu uliyemuumiza. Siku hizi mama yangu anakaa peke yake kanisani."

Wapendwa, Mungu ameniokoa na dhambi ya kusengenya ndani ya maombi. Namshukuru, ingawa moyo bado unaniuma, na acha uume. Mtumainini Yeye, kwa maana hakunitupa. Na ukimshuku mtu, mwendee yeye kwanza kabla hujamwombea.

Ochieng hakuiba. Fundi wetu Ochieng, mtoto wa kanisa hili, hakuchukua kitu changu hata kimoja. Mpelekeeni kazi, mwambieni arudi.

Min Ochieng, mama yake, ameketi pale karibu na mlango. Nikimaliza naenda kuketi naye, akinikubali. Na nyinyi mliogeuka siku ile, benchi lile bado lina nafasi.