Bomba la Chini

Asubuhi hiyo benchi la kona lilivamiwa na wageni wasioalikwa: vibarua wa sululu na msimamizi wao wa idara ya maji, tayari kuchimba pale pale lilipo jiko la Birika. Birika ndiye muuza kahawa, na jina lake halisi hata mkewe hulitumia akiwa amekasirika tu. Mtaa ulikuwa umekauka wiki kadhaa. Maji yalivuja mahali fulani ardhini, na wakubwa wa idara walisema ni chini ya benchi. Aliyewapinga ni mmoja tu, bintiye Birika, mchambuzi wa takwimu wa idara hiyo hiyo. Yeye alisema bomba limepasuka ng'ambo ya barabara, chini ya uwanja wa Mwenyekiti wa mtaa, uwanja uliosakafiwa saruji juzi tu. Wakamcheka, kisha wakamwambia: Mwenyekiti akikubali sakafu yake ivunjwe, sawa. Akikataa tunachimba kwa baba yako, na wewe utafute kazi kwingine. Birika alimimina kahawa hadi kikombe kikafurika.

Binti akatoa mkobani miwani kubwa nyeusi, nene kama tofali.

— Hiyo nini tena? — aliuliza Sindano, fundi cherehani.

— Ya wapiga mbizi hiyo, — alisema Redio, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akakosa jibu. — Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana wanavaa miwani.

— Methali yako na miwani vinahusiana wapi, bwana?

— Vitahusiana tu, subiri.

Binti alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekosa usingizi.

— Wajomba zangu, kila bomba lina vipimo vya nguvu ya maji. Namba zinaingia usiku na mchana, maelfu kwa maelfu. Nimezigeuza rangi. Buluu ni bomba zima, nyekundu ni linalovuja. Sasa, bomba jipya limelala juu ya la zamani. Kwenye kompyuta la juu linalifunika la chini, kwa hiyo wekundu unaonekana kama umeishia hapa benchini. Ukivaa hii unaona nafasi kati ya mabomba hayo mawili. Wekundu unapita chini, unavuka barabara.

Sindano akavaa, akaruka nyuma nusura amwage kahawa.

— Mama yangu! Moja liko hapa usoni, jingine kule shimoni! Nyosheni mkono mguse!

— Lete huku, — alisema Mwenyekiti kutoka nafasi yake ya katikati ya benchi. — Sakafu ni yangu.

Akavaa. Akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

— Naona mstari wa buluu. Umelala bapa kama picha ukutani. Hakuna cha juu wala cha chini.

Msimamizi akawakonyeza vibarua, nao wakaanza kulisogeza jiko.

— Nilijua! — alisema Redio. — Miwani hiyo inasoma mawazo. Ukivaa tu, idara inajua siku ya mwisho uliyooga.

— Basi wewe usivae, itapasuka, — alisema Sindano. — Mimi nimeona kwa macho yangu! Chini ya bomba kuna bomba, na chini yake labda kuna mtaa mwingine mzima. Wana benchi lao, na maji yetu wanaoga wao.

— Haba na haba hujaza kibaba! — alidakia Redio. — Wametunyonya!

Birika hakucheka. Alimtazama mwanawe aliyeinamisha kichwa, akaona uchungu. Akamtazama Mwenyekiti, na hapo ndipo akakumbuka kitu ambacho mtaa mzima ulishakisahau kwa mazoea.

— Mwanangu, — alimnong'oneza, — Mwenyekiti ana jicho moja tu. La kushoto lilikufa zamani.

Binti akajipiga paji la uso.

— Ndiyo maana! Miwani inaonyesha kila jicho picha yake, akili inaziunganisha. Sasa yeye anapata moja tu!

Wakati huo kofia ya Sindano ilikuwa imeanguka chini ya benchi, na Redio, kwa kuwa kimya humuwasha, akatamka:

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mjomba Redio, ubarikiwe! — Binti alipaza sauti. — Mwenyekiti, usikae wima! Jicho moja nalo linaona kina, kichwa kikitembea. Inama! Chungulia kwa chini!

— Mbele ya watu?

— Mbele ya watu, Mwenyekiti.

Mwenyekiti akapiga magoti vumbini, akaingiza kichwa chini ya benchi. Kisha sauti ikatoka:

— Lo! Liko huku! Jekundu kama pilipili!

Akaanza kutambaa. Binti alimshika bega, Sindano akasimamisha baiskeli na mikokoteni, na mzee mzima akavuka barabara kwa magoti akilifuata bomba asilolijali jana. Alisimama katikati ya uwanja wake. Akavua miwani, akaitazama sakafu yake mpya kwa huzuni ya kweli.

— Vunjeni, — alisema.

Sululu zikaanza. Saruji ikapasuka, udongo ukatoka umelowa, kisha ukawa tope, kisha maji yakaruka hadi juu ya ukuta. Mtaa ulipiga kelele. Msimamizi alilowa chapachapa huku akipiga simu ofisini: "Yuko sahihi! Ndiyo, yeye! Yuko sahihi!" Birika akamkumbatia mwanawe akilia bila aibu.

— Wangu huyu! Nimemzaa mimi!

Mama mmoja mgeni, aliyehamia mtaani juzi, alifika na ndoo.

— Nani kagundua?

— Mwanetu huyu! — walijibu wote, Redio akiwazidi sauti.

— Aliwaambia lini?

— Tangu wiki ya kwanza, — alisema Sindano.

— Sasa mlikuwa mnangoja nini?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Mwenyekiti, magoti yote vumbi, alirudi benchini, akasogea hadi ukingoni, akapangusa nafasi ya katikati kwa kiganja.

— Kaa hapa, mtaalamu, — alisema. — Birika, kahawa anza na yeye.