Mayai ya Tülay

Ungekuwa wewe, mjukuu wangu, ungegandisha mayai peke yake, au yakiwa yamekwisha kurutubishwa kwa mbegu ya mumeo? Kwenye kivuko cha kwenda gati la Konak nilikaa na chai yangu, nyuma ya binti aliyejitaja Tülay. Alikuwa akimweleza mama mmoja asiyemjua kwamba baada ya wiki mbili anaanza dawa za saratani, nazo huenda zikamwacha tasa, hivyo inabidi agandishe mayai yake kwanza.

"Mume wangu anataka yarutubishwe. Daktari naye anasema hayo hustahimili barafu zaidi."

"Basi wasikilize, mwanangu! Yai tupu hata kuku hutaga," alisema yule mama, akiwarushia shakwe mkate wa ufuta.

"Lakini tukiachana, sheria inataka yaliyorutubishwa yateketezwe. Yaliyo peke yake hubaki yangu."

"Kwani mnaachana? Si ndiye anayekupikia supu ukiumwa?"

"Supu anapika mama yake."

Nikanywa chai. Supu ya mama mkwe naijua chumvi yake.

Kivuko kikagonga gati, kamba zikatupwa. Tülay akasimama, akafunga koti hadi shingoni.

"Nataka mtoto, mama," akasema. "Hata yeye akiniacha, bado nataka mtoto."