Sauti ya Dar Ilivyonifunga Koo, na Bwana Alivyonifungua

Wapendwa wa Bwana, sifa zimrudie Yeye aliye juu! Na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nasema sifa zimrudie! Haya, sasa nimewasikia. Mchungaji kanipa dakika chache tu, na naona ameshaanza kuangalia saa. Baba Mchungaji, nivumilie. Mtu aliyenyamaza muda wote ule akipewa maikrofoni, mlitegemea nini?

Kwa wasionijua, naitwa Devotha. Nimezaliwa Kidahwe, tunakaa Kasingirima. Nimeolewa na Mwalimu, yule pale mwenye shati la bluu anayejifanya hanijui. Serikali ilimleta Kigoma kutoka Dodoma, akakuta mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, na mimi, akasahau kuomba uhamisho. Kazi yangu ni kuandika na kurekodi podikasti, yaani vipindi ambavyo mtu anavisikiliza kwenye simu yake huku anapika au yuko safarini. Sina bosi wala ofisi. Anayehitaji makala ananitafuta, anayehitaji kipindi ananitafuta, na wasiponitafuta nawatafuta mimi.

Ndugu zangu, msidhani kazi ya nyumbani ni kulala. Jumatatu nashinda nimeinamia kompyuta, natuma maombi ya kazi kwa watu ambao wengi wao hata hawajibu. Jumanne naandika. Leo makala ya mawese, kesho maelezo ya sabuni ambayo hata sijawahi kuiona. Jumatano nashuka ziwani au naenda vijijini kuongea na watu. Alhamisi ndiyo siku ya kurekodi, na studio yangu ni kabati la nguo! Naingiza kichwa katikati ya vitenge ili sauti isigonge ukutani. Majirani wakianza kutwanga, nasubiri. Adhana ikianza msikiti wa jirani, nasubiri, maana wao wanamwita Mungu na mimi nasoma tangazo la sabuni. Ijumaa nakata na kuunga, halafu naomba mtandao usikatike kipindi kikiwa kinapanda. Jumamosi kufua na mazoezi ya kwaya. Jumapili ndiyo hii. Kila siku katika hizo, chombo changu cha kazi ni hili koo.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nilipoanza podikasti, msikilizaji mmoja aliandika chini ya kipindi changu: mtangazaji anajitahidi, ila Kiha kimemjaa mdomoni. Basi! Wengine wangecheka wakaendelea na maisha. Mimi niliumia. Nikaona aibu mpaka nikawa nasikiliza vipindi vyangu nimefumba macho. Nikajitengenezea sauti nyingine. Nzito kidogo, laini, inayotoka chini kabisa, kama wale akina dada wanaosoma matangazo ya benki. Ilinibidi nibane hapa shingoni na kuisukuma. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka ikashika. Nyumbani tuliiita sauti ya Dar. Binti yangu akiisikia tu, anawaambia wenzake uani, "Nyamazeni, Mama yuko Dar."

Tukacheka sana, na kazi zikaja kweli! Dada mmoja wa kampuni ya huko Dar akanisikia, akanipa mfululizo mzima wa vipindi kuhusu wanawake wanaoanika dagaa kando ya ziwa. Nikamshukuru Mungu kwa ile sauti. Sikujua inanila.

Ilianza kwa kukwaruza. Nikasema mafua. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikatafuna limau mpaka meno yakafa ganzi. Jumamosi kwenye kwaya nikifungua mdomo kuimba, inatoka pumzi. Halafu Alhamisi moja nikaingiza kichwa kabatini, nikawasha kinasa sauti, nikasema "Karibuni wasikilizaji," na hakikutoka kitu! Nikajaribu tena. Hola. Nilibaki mle ndani ya vitenge, machozi yananitoka, hata kulia kwenyewe kulikuwa hakuna sauti.

Mtaani wakaanza kunishauri. Huyu anasema nimefungwa sauti na mtu mwenye kijicho, yule anamjua mtaalamu wa kunifungua. Namshukuru Mungu kwa Mwalimu, maana alisimama mlangoni akasema nyumba hii haiendi kwa mtaalamu. Lakini mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Shangazi yangu alianza hivihivi, sauti ikakwaruza, ikakauka, na ilikuwa kansa ya koo. Tulimzika Kidahwe. Kila nikimeza mate nilikuwa namfikiria yeye. Ndugu zangu, niliogopa! Niliogopa kufa, na niliogopa kupona nikiwa bubu, mimi ninayekula kwa sauti.

Na kazi ya yule dada wa Dar ilikuwa inasubiri. Jumatano ilipofika nikapanda boti hivyo hivyo kwenda Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka wa Burundi. Nikawakuta akina mama wanageuza dagaa juani. Nikajaribu kunong'ona maswali yangu kwa ile sauti ya Dar. Wakainama, wakatega sikio, wakanionea huruma. Mama mmoja akafuta mikono kwenye khanga, akanishika bega. "Mwanangu, wewe keti," akasema. "Ushike hicho kidude chako. Tutaulizana wenyewe."

Wakaulizana! Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anabisha, wanachanganya Kiswahili na Kiha na Kirundi, wanacheka, wanasimulia mvua iliyoozesha dagaa na waume waliokwenda kuvua na upepo ukawachelewesha. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika kinasa sauti, sisemi neno. Nilirudi na mazungumzo matamu kuliko yote niliyowahi kurekodi, ila maneno ya kuyaunganisha ilibidi yatoke kwangu, na mimi sina sauti. Nikamwomba yule dada anivumilie. Akanivumilia.

Bwana ana njia zake. Wiki ileile tukasikia daktari wa koo amekuja mjini kwa siku chache. Mwalimu akaniwahisha, tukapanga foleni na watu wa kila mahali. Zamu yangu ilipofika akapitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni. Nilishika mkono wa mume wangu mpaka nikamwachia alama za kucha. Daktari akaangalia, akaangalia tena, akasema, "Sioni kansa hapa."

Haleluya! Nilitaka kupiga vigelegele na sina uwezo! Akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, vile vinavyowapata watu wanaokaza koo. Nikiendelea hivyo vitakuwa vigumu, vitataka upasuaji, na baada ya hapo hawezi kuniahidi sauti gani itarudi. Kisha akaniambia niongee kidogo anisikie. Na mimi, jamani, mbele ya daktari, katika shida yote ile, nikabana shingo nikatoa sauti ya Dar! Ilikuwa imekuwa ugonjwa kweli. Ikatoka pumzi tu.

Akauliza nyumbani kwetu tunaongea lugha gani. Nikaandika kwenye simu: Kiha. Akasema, "Mama yupo? Mpigie."

Nikampigia. Mama alikuwa shambani kwenye michikichi yake, na akipokea simu huwa anapiga kelele kana kwamba Kidahwe ni ng'ambo ya ziwa. Nilipomsikia nikasahau daktari, nikasahau kamera, nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Ikatoka! Imekauka, imechubuka, lakini ni sauti, na shingo haikuuma! Mwalimu akasimama. Mama akawa anauliza nina nini, mbona nalia, na mimi siwezi kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia.

Daktari akasema, "Dada, hiyo ndiyo sauti yako. Ile nyingine ndiyo inayokuumiza. Sasa nyamaza mpaka nitakaporudi, halafu uongee hii."

Nikanyamaza. Ninyi mnanijua, mnajua huo nao ni muujiza! Mwalimu akawa anapokea simu za wateja wangu na kuwajibu kama anasahihisha daftari. Akina mama wa kanisa hili mkaniletea uji, mkakaa nami, mkaongea ninyi peke yenu, Mungu awabariki. Makala za kuandika nikaendelea nazo, tukala. Na katika ule ukimya ndipo Roho alipoanza kunisemesha. Nilipotaka kuomba moyoni, nikajikuta natafuta maneno mazuri ya kitangazaji. Nikashtuka. Kumbe hata maombi nilikuwa naomba kwa sauti ya Dar, eti Mungu naye asije akagundua mimi ni wa Kidahwe! Nikacheka kimyakimya. Siku hiyo nikaanza kumwita Imana, ndiyo Mungu kwa Kiha, kama bibi yangu alivyonifundisha nikiwa mtoto, na nikamwambia hofu yangu yote bila kuipamba. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Daktari aliporudi, kamera ikapita tena. Vinundu vimenywea. Hakuna upasuaji. Bwana ni mwema!

Lakini jaribu lilikuwa bado. Nikarekodi kile kipindi cha Kagunga kwa sauti yangu hii mnayoisikia, na Kiha chake mdomoni, nikakituma. Yule dada akanipigia kwa upole sana. Kazi nzuri, akina mama wananoga, ila wadhamini wanaulizia ile sauti ya kwanza. Je, siwezi kuirudisha kidogo tu, kwa vipindi hivi tu? Ndugu zangu, nilijua naweza. Nilijua kabisa pa kubana. Na niliitaka ile kazi. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Ile ilikuwa inaniua." Basi wakampa mtu mwingine asome, mimi wakaniachia kuandika. Kipindi changu cha Kagunga wakanirudishia. Niliumia, siwafichi. Mwalimu alinipikia jioni ile, na ugali wake mnaujua.

Nikakiweka kile kipindi kwenye podikasti yangu mwenyewe. Ijumaa kikapanda. Jumamosi asubuhi nafua, simu ikaita, ni Mama. Nikadhani kuna msiba, maana aliongea taratibu. Akasema amesikiliza kipindi mwanzo mpaka mwisho, akaita na majirani, wakasikiliza tena. Nikamuuliza, mbona vile vingine hujawahi kuniambia umesikiliza?

"Nilisikiliza vyote," akasema. "Nilikuwa namngoja mwanangu aongee. Anakuja yule mwanamke mwingine tu. Jana ndiyo umekuja wewe."

Niliketi palepale chini, mikono ina povu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Angeweza kunichukua kama shangazi yangu, na bado angekuwa Mungu. Alinirudisha. Alinirudisha kwa mama yangu akiwa bado hai wa kunisikia!

Wapendwa, nimemaliza, Baba Mchungaji keti usihangaike. Nawashukuru ninyi mlionibeba, namshukuru mume wangu, na juu ya wote namshukuru Yesu. Na wewe uliyekuja leo umejibana mahali fulani ili watu wasikujue unakotoka, umechoka na unaogopa kusema, mtumaini Bwana. Njoo hapa mbele. Huna haja ya kutafuta maneno mazuri. Mwambie kwa Kiha, kwa Kirundi, kwa Kigogo kama mume wangu, kwa kulia tu kama huna neno. Amekungoja muda mrefu akusikie wewe. Tusimame tuombe, kila mtu kwa lugha ya mama yake.