Afande Ojera Anaweka Tuba Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Afande Ojera, mpiga tuba wa bendi ya Kampuni yetu ya Ulinzi ya Nguzo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wanaojua mambo ya ofisi watasema bado alikuwa na miaka miwili mbele yake. Ni kweli. Ameomba mwenyewe kuondoka mapema, na tangu habari hiyo itoke, uvumi haulali. Wengine wanasema amenunua kuku wa mayai. Wengine wanasema anarudi Gulu kulima ufuta. Mmoja wa idara ya magari ameapa kwamba Afande anataka kugombea uenyekiti wa kijiji. Jarida letu limenipa nafasi ya kusema ukweli, nami nitausema, ila nitafuata utaratibu, maana Afande mwenyewe atasoma na sote tunamjua.

Mwandishi ni Mumbere, mpiga ngoma kubwa. Nimesimama nyuma ya Afande katika gwaride kwa miaka mingi kiasi kwamba nikiulizwa sura yake ikoje, nitaanza kueleza kisogo.

Ojera alizaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi. Baba yake alikuwa askari Mwislamu, mama yake Mkatoliki kutoka Acholi, na wazazi hao waliokuwa na amani yao walikubaliana kwamba kila mtoto atachagua dini yake akikua. Ndugu zake walichagua. Ojera alisema bado anafikiria. Alifikiria mpaka akaota mvi. Kiswahili chake nacho alikipata kambini, kwa hiyo ni Kiswahili cha amri. Akikuomba chumvi mezani unajikuta umesimama wima.

Hapa Nguzo alianza kama askari wa ghala moja kule Port Bell. Hakuwa na mpango wowote na muziki. Kampuni ilipoamua kuwa na bendi yake na kugawa ala kwa waliojitolea, Ojera alichelewa kutoka zamu, akakuta kila mtu amekwisha chukua tarumbeta yake ndogo nyepesi. Iliyobaki kwenye kona ni tuba, ile kubwa inayomzunguka mtu kifuani mpaka juu ya kichwa, ambayo wenzake wote walikuwa wameiangalia wakageuza macho. Aliivaa. Haikuvuliwa tena hadi mwezi huu.

Sasa, bendi ya kukodiwa haina Jumapili. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni misa za shukrani, harambee za kujenga makanisa, na mazishi yasiyochagua siku. Kwa hesabu yangu Afande ameingia kanisani mara nyingi kuliko makatekista kadhaa ninaowafahamu. Lakini kwa maoni yake alikuwa kazini. Padri akisema tuombe, yeye alikuwa anamwaga mate kutoka kwenye tuba. Mahubiri yakianza, alisinzia akiwa amesimama, ufundi alioupata ghalani. Misa moja ya mavuno, bibi mmoja aliyeleta matoleo yake aliona mdomo mpana wa tuba umetulia mbele yake, akadhani ni chombo cha sadaka, akamimina humo machungwa yake yote. Afande hakushtuka hata kidogo, na wimbo uliofuata ulisikika kama ng'ombe mwenye mafua.

Mkewe, Laker, ambaye sisi tunamwita Mama Ayaa, ana banda la chakula Katwe, katikati ya mafundi wa masufuria na mageti. Yeye ni mtu wa kanisa dogo lililo chini ya kilima cha Lubaga, na kila Jumapili amekaa pale peke yake, mumewe akiwa anapuliza katika kanisa la watu wengine. Ombi lake kwa mumewe lilikuwa moja tu: Jumapili moja akae kando yake, asiwe na kitu mdomoni, waimbe pamoja. Afande alikuwa anacheka. Mpiga tuba haimbi, mdomo wake umejaa shaba. Nyimbo zote za kanisa alizijua kwa vidole na pumzi, lakini hakujua hata moja inasema nini. (Mpiga ngoma anaweza kupiga huku anaimba. Mimi nimeimba sana, na sijawahi kushukuriwa.)

Mambo yalibadilika kwenye mazishi ya askari wetu mmoja kijana, mtoto wa mama Mkongo aitwaye Emérence, aliyekimbilia hapa kutoka Beni. Tulipiga wimbo wa Kiganda ambao tulikuwa tumeupiga kwenye makaburi mengi, na siku hiyo Afande aliupiga vizuri mno, mpaka hata wachimbaji wakavua kofia. Tulipokuwa tunafunga vyombo, yule mama alikuja moja kwa moja kwake. Hakuwa anajua Kiganda. Aliuliza, "Baba, ule wimbo mulimupigia mutoto yangu, maneno yake inasema nini?"

Nilimwona Afande akivua kofia. Kisha akasema, "Mama, mimi hapana jua. Mimi napiga tu."

Yule mama hakukasirika. Alimshukuru, akaenda zake. Lakini mtu tuliyepanda naye lori kurudi hakuwa yule aliyekuja. Jioni ile alimwendea Laker akiwa anamenya mihogo na kumuuliza, kwa ile sauti yake ya gwaride, wimbo ule unasema nini. Laker aliendelea kumenya, akamwambia: unasema kwamba Mungu huketi chini pamoja na anayelia, hasimami mlangoni kumngoja anyamaze.

Kesho yake Afande aliomba ruhusa ya nusu siku. Alitafuta nyumba ya Emérence akaipata, akamwambia maneno ya wimbo. Kisha, kwa kuwa wimbo ulisema kuketi, aliketi. Alikaa kwenye mkeka sebuleni mwa mama yule mchana kutwa, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kukaa bila kumsahihisha mtu jinsi alivyofunga kamba za viatu. Aliniambia baadaye kwamba ndipo aliposali kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuvaa sare. Hakujua asemeje, akasema tu yuko hapa. Pasaka iliyofuata alibatizwa, na katekista aliyemfundisha alipunguza uzito kwa maswali yake.

Tangu hapo kila tulipoenda kupiga, Afande aliuliza kwanza wimbo unasema nini. Aliwauliza wapishi wa harusi, walinzi wa mageti, maaskofu. Hasira zake hazikwisha, tusidanganyane, nami nina ngoma iliyobonyea ya kuthibitisha. Tofauti ni kwamba baada ya kukufokea alikuwa anarudi. Anakuja kwa hatua za gwaride, anasimama mbele yako, anatamka samahani kwa sauti inayofika barabarani, na anabaki pale mpaka uipokee. Bienfait, mpiga trombone wetu, ambaye Afande alikuwa hasemi naye kwa sababu ambayo hata wenyewe wameisahau, aliipokea samahani yake haraka ili aweze kwenda kula.

Mtu angedhani sasa Mama Ayaa alipata Jumapili yake. Wapi! Kiongozi wetu wa bendi, Madamu Olivia, alimpa Afande ruhusa kwa moyo mweupe, na Laker akapiga pasi gomesi yake, gauni la sherehe. Lakini wiki ile askari wetu mwingine alifariki, na mazishi yakawa Jumapili. Hakuna aliyemwita Afande. Alikuja mwenyewe na tuba yake, kwa kuwa sasa alijua wimbo unasema nini na hakuweza kuuacha upigwe bila sauti nene. Laker alikwenda kanisani peke yake na gomesi yake mpya. Hakulalamika, na hapo ndipo ilipokuwa shida, maana hakuomba tena.

Halafu tukaanza kuona kwamba ukimwagiza Mama Ayaa maharage pale bandani anakuletea samaki. Miaka yote ile kati ya nyundo na mabati ya Katwe imeyamaliza masikio yake. Daktari alisema kilichobaki kitaendelea kupungua, na kwamba hakuna atakayeweza kutaja mwezi wala mwaka kitakapokwisha. Afande alitoka pale hospitali, akaja moja kwa moja ofisini, akaandika barua ya kustaafu akiwa amesimama kaunta.

Basi ndiyo sababu. Hakuna kuku, hakuna ufuta. Mzee wetu anaondoka ili akae kando ya mkewe akimwimbia Mungu, wakati mke bado anaweza kumsikia. Ukweli ni kwamba nilipoambiwa nilitoka nje nikajifanya naangalia matairi ya lori.

Tatizo lililobaki ni uimbaji wenyewe. Wiki hizi zote Afande amekuwa akijifungia stoo ya vyombo kufanya mazoezi, na sisi tumekuwa tukipita pale kwa bahati, sote, mara nyingi. Habari tulizonazo ni hizi: maneno anayajua yote, tuni haijui kabisa. Maisha yake yote alipiga sauti ya chini, na ndiyo anayoiimba. Zaburi nzima anaishusha kwa noti mbili, pom na pom. Alijaribu kumwimbia Laker nyumbani, Laker akamwambia amesikia, lakini nyumbani ni mazoezi, yeye anataka ya kanisani. Afande aliniuliza kama atamwaibisha mkewe mbele ya watu. Nilimwambia tuni Mama Ayaa anayo tayari, amekuwa nayo peke yake miaka yote hii, na kinachokosekana ni hiyo hiyo ya chini.

Kwa niaba ya bendi na kampuni nzima, tunakushukuru Afande kwa pumzi zako zote, kwa makaburi yote uliyosimama kando yake, na kwa samahani zako za kelele. Kijiti tumekipokea, tuba imepata mgongo mwingine. Uende vizuri, upumzike vizuri, Mungu aliyekungoja muda mrefu hivyo aendelee kuwa na subira nawe.

Na sasa tangazo, ambalo Madamu Olivia ameniruhusu kulitoa hapa. Jumapili ya tarehe 6 Julai bendi imejialika yenyewe katika lile kanisa dogo chini ya kilima. Ubeti wa kwanza wa wimbo wa kuingia tutaupiga kama kawaida. Ubeti wa pili tutashusha vyombo vyote, trombone, tarumbeta na ngoma yangu, na tutanyamaza kabisa, kwa sababu shaba yetu ndiyo inayomzuia Laker asisikie. Mama Ayaa ametuambia kwamba sikio la kushoto limekwisha, la kulia bado lipo. Kaa kulia kwake, Afande, uimbe.