Celestino Boido na Chupa za Mwaka Sitini na Tano

Ndugu, majirani na wakulima wenzetu wa kilima hiki, asanteni kwa kupanda mlima na jua lote hili. Haya ni maisha ya Celestino Boido, yanasomwa na mdogo wake, Remo, wa mwisho kubaki katika familia yao.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1938, hapa Castiglione Tinella, mtoto wa kwanza wa Giacomo na Teresa, katikati ya mavuno, mama akiwa bado na mikono inayonata sukari ya zabibu. Alisoma hapa kijijini mpaka darasa la tano, mwaka 1949, akaacha ili amsaidie baba kutengeneza moscato, mvinyo wetu mweupe, mtamu, mwepesi, ambao hata bibi kizee hunywa glasi mbili na kushuka ngazi bila kushikwa mkono.

Baba alipofariki, Novemba 1960, Celestino alirithi shamba na mifuko ya kitambaa ya kuchujia, nanyi mnajua moscato lazima ichujwe, ichujwe tena, hadi chachu yote ibaki kwenye kitambaa, la sivyo itaendelea kuchachuka ndani ya chupa. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1965 chupa zilianza kupasuka ghalani, zaidi ya mia tatu, naye alipoingia kuokoa zilizobaki, kigae cha chupa kikamtoboa jicho la kushoto. Tangu siku hiyo mkamwita Mabomu. Mlipita mlangoni mkiuliza, "Mabomu, leo kumetulia?" naye akajibu, "Pita tu, zikilia utazisikia," akacheka, akafunga mlango. Hakuna aliyenunua tena chupa zake, akabaki kuuza zabibu kwa wenye viwanda vya mvinyo vya Canelli, yeye aliyekuwa fundi kumshinda baba.

Tarehe 8 Oktoba 1967 alimwoa Ines Barbero katika kanisa hili, hawakujaliwa mtoto, na Ines alifariki tarehe 19 Januari 1984. Kwa miaka thelathini na saba alikula peke yake, alivuna peke yake, na kila Krismasi alijaza glasi mbili, ya pili akaimwaga asubuhi.

Sasa, jamani, nivumilieni. Mwaka ule wa chupa kupasuka, kazi ya kuchuja mara ya pili ilikuwa ya Remo, kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye siku ya kuchuja alikwenda kucheza dansi Canelli, akadanganya kwamba amechuja. Celestino, jicho likiwa limefungwa bandeji, alimwambia, "Nyamaza, wewe bado unatafuta mchumba, acha wanicheke mimi." Remo akanyamaza, akaenda Torino kuunda magari, akanyamaza miaka hamsini na sita. Remo huyo ni mimi. Kaka yangu hakukosea hata chupa moja.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Machi, akalazwa hospitali ya Alba, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Septemba 2021, nami nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakulima wenzake, na jirani yetu Marisa, aliyemshika mkono mpaka mwisho, mahali ambapo ningepaswa kuwa mimi. Zabibu zake zimeiva, kesho kutwa nitaanza kuvuna, sina mtu. Anayeweza kuja, aje.

Kaka, pumzika kwa amani, sasa wamejua.